OK: neno dogo la Kiingereza lenye majibu manne ndani yake

Jioni ya tarehe 27 mwezi wa tatu mwaka 1977, ukungu mzito ulifunika uwanja wa ndege wa Los Rodeos, kwenye kisiwa cha Tenerife, nchini Hispania. Ndege mbili kubwa aina ya Boeing 747 zilikuwa kwenye njia moja ya kurukia, ile ambayo huku kwetu wengi huiita pisti. Ya kwanza, ya shirika la KLM la Uholanzi, ilikuwa imesimama mwisho wa njia, tayari kuondoka. Ya pili, ya shirika la Pan Am la Marekani, ilikuwa bado inatembea polepole juu ya njia hiyohiyo ikitafuta mahali pa kutokea. Marubani wa ndege hizo hawakuweza kuonana, na mwongozaji aliyekuwa mnarani hakuiona hata moja.

Rubani msaidizi wa KLM akasema kwa redio maneno ambayo yangeweza kueleweka kwa namna mbili: kwamba wako tayari kupaa, ama kwamba wanapaa. Mwongozaji akamjibu: OK. Akanyamaza kidogo, kisha akaongeza kwamba wasubiri kwanza, atawaita. Lakini dakika hiyohiyo marubani wa Pan Am nao walifungua redio yao kuonya kwamba bado wako njiani. Sauti mbili zikagongana hewani. Katika ndege ya KLM, kilichosikika wazi ni lile neno la kwanza, na nyuma yake mlio mkali.

Sekunde chache baadaye ndege hizo ziligongana. Watu wote 248 waliokuwa ndani ya KLM walikufa, pamoja na 335 wa Pan Am. Jumla ni watu 583, na hadi leo hakuna ajali ya ndege za abiria iliyoua watu wengi zaidi.

Neno OK halikuleta msiba huo peke yake. Ndege ya KLM ilikuwa imekwisha kuanza kukimbia kabla ya jibu la mnara, na wachunguzi wa Hispania walisema sababu kubwa ni kwamba nahodha wake aliondoka bila kupewa ruhusa. Kulikuwa pia na ukungu, na msongamano wa ndege zilizoelekezwa Tenerife baada ya bomu kulipuka kwenye uwanja wa kisiwa jirani cha Gran Canaria. Marubani wa KLM nao walikuwa wanakaribia mwisho wa saa zao za kazi zilizoruhusiwa na sheria. Lakini ilikuwepo nafasi moja ya mwisho ya kuwasimamisha, na katika nafasi hiyo neno lililofika ni OK.

Mwongozaji alilisema akimaanisha "nimekusikia". Ndani ya ndege inayokimbia, neno hilohilo lingeweza kusikika kama "endelea".

Kila mtu analijua, hakuna aliyefundishwa

Goma, Bukavu, Uvira, Kalemie ama Lubumbashi, mtu anaweza kuwa hajakaa katika darasa la Kiingereza hata siku moja, lakini "oke" anaijua. Mwendesha pikipiki huitumia anapokubali bei. Fundi wa nguo huitumia anapopokea kitambaa. Vijana huiandika kwenye WhatsApp kwa herufi mbili, na wengine kwa herufi moja tu, K. Neno hilo hukaa katika sentensi moja na "sawa" ya Kiswahili na "dakor" ya Kifaransa, na hakuna anayeshangaa.

Ni vivyo hivyo karibu kila mahali duniani. Mrusi, Mjapani, Mbrazili na Mcongomani wanaweza kukosa lugha ya kuzungumza pamoja, lakini OK wataelewana. Mtaalamu mmoja wa lugha wa Marekani, Allan Metcalf, aliona neno hilo linastahili kitabu kizima, akakitoa mwaka 2010, na humo akaliita neno kuu kuliko yote ambayo Marekani imeyatoa.

Ukimuuliza mtu maana yake, atajibu bila kufikiri: ni "sawa". Jibu hilo ni la kweli, lakini halifiki mwisho.

Lilianza kama utani wa gazeti

Maneno mengi hayana tarehe ya kuzaliwa. OK inayo. Mara ya kwanza kuonekana likiwa limechapishwa kwa maana tunayoijua ni tarehe 23 mwezi wa tatu mwaka 1839, katika gazeti la Boston Morning Post, lililohaririwa na Charles Gordon Greene. Liliwekwa katika habari ya mzaha kuhusu chama kimoja cha watu wa mjini Boston, na pembeni yake gazeti lenyewe lilieleza maana: mambo yote ni sahihi.

Kwa Kiingereza, "yote ni sahihi" ni "all correct", na herufi za kwanza zingekuwa A na C. O na K zilitoka wapi? Miaka hiyo waandishi wa magazeti ya Boston walikuwa na mchezo wa kufupisha maneno, na baadaye kuyafupisha kwa makusudi yakiwa yameandikwa vibaya, kama vile yameandikwa na mtu asiyejua kusoma. "All correct" wakaigeuza kuwa "oll korrect", na hapo ikabaki O.K. Utani wenyewe ulikuwa huo: wanasema kila kitu ni sahihi, wakati herufi zote mbili si sahihi.

Vifupisho vingine vya mchezo huo vilikufa haraka. O.W., yaani "oll wright", haikufika mbali. OK ingeweza kufa pamoja navyo kama siasa isingeiokota.

Uchaguzi wa 1840

Mwaka 1840, Rais Martin Van Buren wa Marekani alikuwa akitafuta muhula wa pili. Alizaliwa katika mji mdogo wa Kinderhook, jimbo la New York, na kwa sababu hiyo aliitwa Old Kinderhook, Mzee wa Kinderhook. Herufi za kwanza za jina hilo ni O na K. Wafuasi wake mjini New York wakaunda kundi la kampeni lililoitwa OK. Kupiga kelele za OK barabarani kukawa na maana mbili kwa mara moja: tuko na mzee wetu, na mzee wetu yuko sawasawa.

Wapinzani hawakukaa kimya. Walisambaza maneno kwamba OK ilibuniwa na Andrew Jackson, rais aliyemtangulia Van Buren na aliyekuwa rafiki yake wa kisiasa, kwa sababu Jackson, walidai, hakujua kuandika "all correct". Ulikuwa uongo wa kampeni, lakini kila aliyeusimulia alilitangaza neno hilo zaidi.

Van Buren alishindwa na William Henry Harrison. Neno likabaki.

Baadaye likapata kazi ya kudumu. Katika nusu ya pili ya karne ya 19, watuma simu za maandishi za telegrafu walihitaji ishara fupi ya kusema ujumbe umefika. OK ni fupi, hutumwa haraka, na ni vigumu kuichanganya na nyingine. Hapo utani uligeuka chombo cha kazi. Na hapo ndipo ilipopata maana ambayo miaka mingi baadaye ingesikika Tenerife: "nimepokea".

Kila taifa lilitaka kuwa mama yake

Kwa zaidi ya miaka 100 watu waligombania asili ya OK. Wagiriki walisema ni lugha yao, kwamba "ola kala" maana yake ni yote mazuri. Wengine walisema limetoka kwa Wachoctaw, mojawapo ya mataifa ya wenyeji wa Marekani. Rais Woodrow Wilson aliiamini hoja hiyo kiasi kwamba alipoidhinisha hati aliandika "okeh", kwa tahajia aliyoona ni ya Kichoctaw.

Kuna pia hoja ya Afrika. Mtaalamu wa lugha Mwingereza David Dalby alisema kwamba chanzo kinaweza kuwa Kiwolofu cha Senegali, ambako "waw" ni ndiyo na "kay" huongeza nguvu. Watumwa, alieleza, walivuka bahari na lugha zao. Hoja hiyo haikuzuka tu kichwani mwa mtu, kwa sababu maneno ya Afrika kweli yako katika Kiingereza cha Marekani. Mfano ni gumbo, mchuzi mashuhuri wa jimbo la Louisiana, ambao jina lake linahusishwa na lugha za Kibantu za upande wa Angola, ambako "kingombo" ni bamia.

Aliyemaliza ubishi kwa wataalamu wengi ni Allen Walker Read, profesa wa Chuo Kikuu cha Columbia mjini New York. Mwaka 1963 na 1964 alichapisha mfululizo wa makala katika jarida la American Speech. Hakutegemea masimulizi. Alifungua magazeti ya zamani, ukurasa kwa ukurasa, akaonyesha mchezo wa vifupisho wa Boston, gazeti la 1839 na kelele za uchaguzi wa 1840. Hoja za Wachoctaw na Wawolofu bado zina watetezi wake, lakini karatasi ya kwanza ambayo mtu anaweza kuishika mkononi ni ile ya Boston.

Kazi zake ni nyingi kuliko herufi zake

Nguvu ya OK ni kwamba haijitambulishi. Kazi yake hutokana na mahali inapowekwa na sauti inayoisindikiza.

Mtoto akianguka, Mwingereza atamuuliza kama yuko OK, yaani hujaumia? Mgeni akisimama mlangoni na kuuliza kama ni OK kuingia, anaomba ruhusa. Mwalimu akipiga makofi na kusema OK mbele ya darasa, hakubali chochote wala haruhusu chochote, anasema tuanze. Mkuu wa kazi akisemwa kwamba ame-OK barua, maana yake ametia saini. Na ukisubiri "OK" ya mkuu huyo, neno limekuwa kitu, kitu unachoweza kupewa ama kunyimwa.

Kuna pia OK inayopima. Muulize mtu chakula cha hoteli kilikuwaje. Akijibu kwamba kilikuwa OK, mpishi asifurahi: hakikuwa kibaya, lakini hatarudi kukitafuta. Kumbe neno hilohilo likijibu swali la "mgonjwa anaendeleaje?" linaweza kuwa habari njema kabisa.

Sauti nayo hufanya kazi yake. OK ya haraka, mara mbili, ni ya mtu aliyechoka kuambiwa: basi, nimekubali, niache. OK ya kuvutwa, taratibu, macho yakiwa chini, inaweza kuwa ya mtu asiyekubali hata kidogo ila ameona hakuna faida ya kubishana. Katika ujumbe wa simu sauti hiyo hupotea. Ndiyo maana K moja, bila neno lingine, imeleta ugomvi kati ya wachumba wengi: aliyeandika alikuwa na haraka, aliyesoma ameona hasira.

Watafiti wawili wa mazungumzo, Emanuel Schegloff na Harvey Sacks, walionyesha kazi nyingine katika makala yao ya mwaka 1973 kuhusu jinsi watu wanavyomaliza maongezi. Walisikiliza simu za Wamarekani, wakaona kwamba watu hawarukii kwaheri. Kwanza mmoja husema OK, akimpa mwenzake nafasi: mimi sina lingine, wewe je? Mwenzake akijibu OK, ndipo wanaagana. OK hiyo haijibu swali lolote. Inafunga mlango taratibu.

Waswahili watatambua kazi hiyo mara moja, maana ndiyo ya "haya" na "sawa basi" kabla ya kukata simu. Tena hapa lugha yetu ina utajiri ambao haujulikani sana. Kazi ambazo Kiingereza kimezitupia OK peke yake, Kiswahili kimezigawa. Anayeruhusu husema ruksa, anayekubali husema ndiyo, anayeanza husema haya, anayemaliza husema basi. Aliye mzima husema yuko salama. Anayetaka kusema amesikia, husema nimesikia.

Hata hivyo "sawa" inaelekea kuzimeza nyingine. Neno hilo lilitoka katika Kiarabu, na maana yake ya msingi ni kulingana, vitu viwili kuwa kiasi kimoja, kama mtu asemavyo sawasawa. Leo ni jibu la karibu kila kitu. Mtu huambiwa bei, saa ya mkutano, habari ya msiba, amri ya mkubwa, naye hujibu sawa. Je, amekubali? Ameelewa? Ama amesikia tu? Kwa hiyo tatizo la OK si la Waingereza peke yao.

Kwenye mkono na kwenye kioo cha simu

OK imetoka hata mdomoni. Ishara ya kuunganisha kidole gumba na cha shahada kufanya duara hueleweka na wengi kuwa ni OK. Lakini si kila mahali. Huko Brazili na Uturuki inaweza kuwa tusi zito. Nchini Ufaransa inaweza kumaanisha sifuri, yaani kitu kisicho na thamani. Japani huweza kumaanisha pesa.

Wapiga mbizi, ambao chini ya maji hawawezi kusema, waliamua mapema kuitenga. Kwao duara hilo lina maana moja tu: niko mzima, hakuna tatizo. Dole gumba lililoinuliwa, ambalo nchi kavu wengi huliona ni OK pia, kwao si jibu hata kidogo. Ni amri ya kupanda juu. Anayechanganya hizo mbili chini ya maji anaweza kukatisha safari ya wenzake wote.

Mwaka 2017 wachokozi wa intaneti nchini Marekani walieneza uongo kwamba duara hilo ni alama ya ubaguzi wa wazungu. Ulikuwa mzaha, lakini wabaguzi wa kweli wakaanza kuutumia, na mwaka 2019 shirika la Anti-Defamation League liliingiza ishara hiyo katika orodha yake ya alama za chuki, likionya kwamba wengi bado huitumia bila ubaya wowote. Kwa mara ya pili katika historia yake, OK ilikuwa imebadilishwa na utani.

Kwenye kompyuta nako OK ina hadithi yake. Mwaka 1981 kampuni ya Apple ilikuwa ikijaribu kompyuta yake ya Lisa kwa watu wasioijua. Kitufe cha kuthibitisha kiliandikwa "Do It", yaani fanya. Mtu mmoja kati ya waliojaribu alikasirika. Kwa herufi zilizotumika, nafasi kati ya maneno haikuonekana vizuri, naye alisoma "dolt", yaani mjinga. Alitaka kujua kwa nini mashine inamtukana. Kitufe kikabadilishwa kuwa OK.

Leo kitufe hicho kiko kwenye simu za mamilioni ya watu, na simu ikiwekwa lugha ya Kiswahili mara nyingi huandikwa "Sawa". Programu mpya huuliza kama inaweza kusoma majina ya watu walio kwenye simu, kujua mahali ulipo, kutumia kamera. Wengi hubonyeza upesi ili waendelee. Kidole kinasema "nimeona, toka mbele yangu". Programu inaandika "ameruhusu".

Angani, neno limevunjwa vipande

Baada ya Tenerife, wasimamizi wa safari za ndege hawakuridhika kuwaambia watu wawe waangalifu zaidi. Waliyashughulikia maneno yenyewe.

Neno la Kiingereza la kupaa, "take-off", lilifungiwa kazi moja. Mwongozaji hulitamka pale tu anapotoa ruhusa ya kupaa ama anapoifuta. Katika mazungumzo mengine yote ya kuondoka hutumika neno jingine, ili rubani asilisikie hewani kwa bahati mbaya na kudhani ni zamu yake.

Na kwa jibu, mahali ambapo mtu wa kawaida angesema OK, Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, lenye makao yake mjini Montreal nchini Canada, lina maneno kadhaa, kila moja na mpaka wake. "Roger" maana yake nimepokea ujumbe wako wote, basi. Haisemi kwamba nimekubali wala kwamba nitafanya. "Wilco" ni nimeelewa na nitafanya. "Affirm" ni ndiyo. Marubani hulikata hivyo badala ya kusema neno zima, kwa sababu mwisho wake ungefanana na wa "negative", yaani hapana. "Approved" ni umeruhusiwa ulichoomba. "Correct" ni hivyo ulivyosema ni kweli.

Ukiyatazama maneno hayo, ni OK ileile iliyofunguliwa kama saa juu ya meza ya fundi. Nimesikia. Nimeelewa. Nimekubali. Nimeruhusu. Ndani ya herufi mbili majibu yote manne yalikuwa yamelala pamoja, na anayesema anaweza kutoa moja, anayesikiliza akachukua jingine.

Sheria inakwenda mbali zaidi. Maagizo makubwa, kama ruhusa ya kupaa, kutua ama kuvuka njia ya kurukia, hayajibiwi hata kwa "roger". Rubani ni lazima ayarudie yalivyo, kwa sauti yake, na mwongozaji asikilize kama amerudia vizuri. Akikosea, anasahihishwa hapohapo. Na tangu mwaka 2008, marubani na waongozaji wa safari za kimataifa wanatakiwa kufikia kiwango maalumu cha kuzungumza na kuelewa Kiingereza cha kazi hiyo.

Chini ardhini, bado tunasema OK

Watu wengi hawataendesha ndege. Lakini kila siku wako mahali ambapo jibu lisiloeleweka linaweza kugharimu.

Muuguzi wa kituo cha afya anamwambia mama mwenye mtoto mgonjwa: nusu ya kidonge asubuhi, nusu jioni, kwa siku tatu, hata kama homa imeisha, oke? Mama anajibu oke. Nyuma yake kuna foleni, mtoto analia, na hataki kuonekana mjinga mbele ya watu. Muuguzi amesikia "nimeelewa". Mama alisema "nimesikia". Siku ya pili homa inashuka, na nusu zilizobaki zinahifadhiwa kabatini kwa ajili ya mtoto mwingine.

Ni vivyo hivyo kwa mpangaji anayesoma masharti ya nyumba mbele ya mwenye nyumba, na kwa mfanyakazi wa siku anayepewa maelezo ya mashine katika lugha asiyoijua vizuri. Mkubwa anauliza kama imeeleweka, mdogo anajibu ndiyo, na heshima inafunika shaka. Katika jamii ambamo kumuuliza mkubwa mara ya pili huonekana utovu wa adabu, oke ni jibu rahisi kuliko yote.

Wafanyakazi wa afya katika nchi nyingi sasa hufundishwa njia inayofanana na ile ya marubani. Badala ya kumaliza kwa "umeelewa?", ambalo jibu lake linajulikana kabla halijatoka, wanamwomba mgonjwa arudie kwa maneno yake mwenyewe atakachofanya akifika nyumbani. Wanashauriwa pia wajitwike mzigo wao: nataka nijue kama mimi nimeeleza vizuri. Hapo mgonjwa hajaribiwi kama mwanafunzi. Anayepimwa ni aliyeeleza.

Kwa yule mama wa kituo cha afya, swali lingechukua labda dakika moja. Mama, ukifika nyumbani utampa dawa namna gani? Angejibu: nusu asubuhi, nusu jioni, hadi homa iishe. Na muuguzi angesema: hapana mama, hadi siku tatu ziishe.